Barua ya Tatu

Barua ya kwanza ilirudi, haikufunguliwa.
Ya pili haikurudi, wala haikujibiwa.
Ya tatu nimeibeba mwenyewe,
Leipzig, mtaa wa Grünau, mwezi wa pili,
theluji imekuwa tope jeusi kando ya reli za tramu.
Bi. Quách Thị Nhàn, miaka sitini na mitatu.
Nimelifanyia mazoezi jina hilo tangu kituo cha kwanza
na bado nalikosea.

Duka lake la maua ni jembamba kama ujia.
Anakwangua miba ya mawaridi kwa kisu cha jikoni,
haniangalii. "Shada yuro saba."
Nasema sikuja kununua, nimetoka kwenye utafiti,
afya ya wakazi wa mji, miaka thelathini ijayo,
moyo, mapafu, sukari, usingizi,
tunahitaji watu wa kila namna –
Kisu kinasimama.
"Jina langu mmelipata wapi?"

Kompyuta, Bibi. Imechagua tu, kama bahati nasibu.
Anacheka mpaka anashika meza.
"Miaka thelathini na minane katika nchi hii,
leo ndiyo mara yangu ya kwanza kushinda."

Kicheko kinakatika.
Kwa Kijerumani kilichopigwa pasi ananisimulia:
kiwanda cha nyuzi, mashine sita, zamu ya usiku,
na mkataba: atakayeshika mimba achague,
kitanda cha hospitali au tiketi ya ndege.
"Wakati ule pia walinipima damu.
Damu haijui kutunza siri.
Jumatatu iliyofuata nilikuwa kitandani."
Haongezi neno.
Mawaridi matatu yamebaki na miba yake.

Nina karatasi ya majibu, ukurasa wa nne:
mwalikwa akisita, mhakikishie usiri.
Naikunja, naitia mfukoni.
Mama yangu alifanya kazi kiwanda kilekile,
meza ya chakula ya upande wa dirishani.
Hajawahi kunitajia hata mmoja wenu.
Hili nalisema kwa sauti, sijui kwa nini.

"Na nisipokuja?"
Basi kitabu kitasema watu wa mji huu wako hivi na hivi,
nanyi hamtakuwamo.
"Hata zamani hatukuwamo," anasema,
"na maua yaliuzika."

Anavaa miwani. Anasoma fomu mstari kwa mstari,
kidole kinatembea chini ya maneno,
kinafika penye mimba ngapi,
kinaruka, kinafika penye watoto wangapi,
kinarudi.
"Hapa katikati, pa kuandika pako wapi?"

Hapapo.
Natoa kalamu, nachora kisanduku pembeni,
kimepinda, ukuta mmoja mrefu kuliko mwenzake.
Anakitazama kama mtu anayepimiwa kitambaa.
"Sijasema nitakuja."
Anayafunga yale mawaridi matatu kwa gazeti.
"Yuro saba."
Nalipa. Bei ya shada zima.

Jioni, ofisini, mfumo unanidai jibu:
amekubali, amekataa, hakupatikana.
Chagua moja.
Nakiacha kishale kikipepesa,
nalirudia jina peke yangu, polepole,
Nhàn,
sauti ikishuka mwishoni
kama mtu aketiye baada ya zamu.