Dakika Kumi, Kitangari

Jiki kikombe kimoja, maji vikombe sita.
Chumvi ya kisamvu nakadiria kwa vidole;
hii sikadirii.
Na maji yenyewe yamepanda mlima kutoka bondeni,
mwezi wa kumi huu, tangi la mvua ukiligonga linalia debe,
na Chilumba wa trekta hauzi dumu kwa huruma.

Mkasi nautumbukiza ukiwa wazi,
mdomo umeachama kama wa mtu anayetaka kusema.
Koleo mbili. Kisahani cha chuma.
Damu inaachia taratibu, nyuzi nyuzi,
kama choya kwenye maji ya moto.

Dakika kumi.
Saa ya ukutani ilikufa tangu Shaabani,
basi nahesabu kwa kufuta:
kitanda kichwani, kiunoni, miguuni,
kutoka pasafi kwenda pachafu, wala sirudi nyuma,
kama mwanamke aliyepewa tatu.
Godoro la raba, pale mshono ulipofumuka
ndipo natia kidole.
Uchafu haupendi uwanja.
Unapenda mshono.

Sista Fidea anachungulia:
"Somoe! Lete mkasi, kuna mwingine anasukuma!"
Bado sita, Sista. Kisha sabuni, kisha maji,
kisha sufuria ya mvuke.
"Lakini si unaonekana safi!"

Unaonekana.
Hata kiwembe cha Bi Nantende kilionekana safi,
kilimeta ukaweza kutazamia meno yako,
na siku ya saba mtoto akakaza taya,
akakataa ziwa.
Alikuwa wa dada yangu.
Hilo sikumwambia Sista.
Nilisema, "Seti ya pili imo kwenye ngoma, haijafunguliwa."
Akaichukua, akaubamiza mlango.
Nikakifuta kitasa alichokishika.

Kilio kilipotoka upande wa pili
nilikuwa nasugua meno ya koleo kwa mswaki,
chini ya maji, povu lisinirukie machoni,
glavu imetoboka kidole gumba.
Nikasikia wanacheka. Nikasikia jina:
Fidea, wa nne mwaka huu.
Sawa. Ni jina zuri.

Alfajiri nikifika nyumbani
Mfaume haniamkii kwanza.
Hushika viganja vyangu, huvinusa,
husema, "Mama, leo wangapi?"
Namwonyesha vidole vitatu,
vimechubuka.