Si Nne, Si Nane

Mkojo wa mdogo wangu niliupokea mwenyewe:
kikopo cha plastiki, namba arobaini na moja,
mwandiko wangu. Nikakitikisa. Povu
halikutaka kutulia. Nikajua kabla ya daktari,
nikanyamaza kama karani
aliyefungua barua isiyo yake.

Somoe ana kipepeo usoni.
Ndivyo vitabu vinavyouita ule wekundu
uliotanda pua na mashavu. Mama huuita jicho la watu;
alifukiza ubani hadi paka wakahama ukumbini.

Jua asilione, daktari alisema,
tangu saa nne hadi saa nane, na zaidi akiweza.
Basi anaijua Langoni kwa vivuli:
ukuta wa nani huwahi,
kona ipi ina jua la kuvizia.

Damu ikapanda ndege Manda, ndani ya sanduku la barafu.
Wiki tatu. Jibu, ukurasa mmoja:
katika seli T, askari wa mwili,
limezidi kundi lisilo na chapa.
Zile za nne huita msaada,
zile za nane huua.
Hizi si nne, si nane,
na hupenda kuingia figoni.

Mama akauliza, "Basi ni za nani?"

Nikamwonyesha punda pale nje.
Punda wa hapa huchomwa herufi za mwenyewe shingoni.
Yule hana. Anakula maganda ya ndizi mlangoni petu,
kila mtu anamfukuzia kwa jirani.
"Labda alikuwa nazo," mama akasema.
"Manyoya yameota juu."

Sikumjibu. Wataalamu nao wanabishana hivyo hivyo:
wapo wasemao zilikuwa za nane,
vita vikawa virefu, zikavuliwa chapa;
na wapo walioziona, katika mwili mwingine,
zikisuluhisha ugomvi.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa,
kana kwamba ukishajua, utavua.
Nguo hii ni Somoe.

Tembe sita asubuhi, nne usiku. Uso umemvimba,
pete haiingii, anacheka na kuivalisha kidole kidogo.
Jana, jua lilipokwisha makali,
nilimkuta barazani, yule punda ameinamisha kichwa,
naye anampapasa shingo polepole,
kinyume cha manyoya,
akitafuta herufi.