Herufi Sitini

Usiufute kwanza, Jarkko. Vuta kiti.
Kahawa ipo, imelala tangu saa moja, lakini inanyweka.

Hii programu unayoiita mzigo
niliiandika mimi, majira ya baridi ya tisini na saba,
hapa hapa Kuopio, juu ya matangi ya maziwa,
sakafu ikitetema kila mashine ya siagi ilipoamka.
Mwalimu hakuwepo. Palikuwa na kitabu kimoja cha Kijerumani
na meneja aliyetaka karatasi zimwondokee mezani.

Fomu ya ruhusa: jina, tarehe, sababu,
kitufe cha kijani, kitufe chekundu.
Barua pepe inatoka kwa mfanyakazi, inapita kwa msimamizi,
inarudi imebeba neno moja.
Kisanduku cha sababu nilikipa herufi sitini.
Diski ilikuwa ghali. Sitini zinatosha, nikadhani;
kwani mtu ana sababu ngapi za kutokuja kazini?

Nikawajua watu kwa herufi sitini.
"Ng'ombe wa baba mkwe anazaa, daktari yuko mbali."
"Harusi. Yangu. Ndiyo, tena."
Na Hilkka wa maabara:
"Mama hanitambui tena, nataka nikae naye siku tatu kabla haja"
hapo seva ikameza bila kutafuna,
sentensi ikaishia kwenye haja.

Siku ileile nilipanua kisanduku kikafika mia mbili.
Hakuna aliyezivuka sitini. Walishazoea kujibana.

Sasa unauliza mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
ule usio na maelezo pembeni.
Najua, najua: msimbo usio na maelezo ni deni.
Lakini usome, wenyewe unajisema:
ikiwa mwombaji ni Oiva Hyttinen
na tarehe ni kumi na nne Machi,
idhinisha. Usimwulize msimamizi. Usidai sababu.

Oiva alikuwa wa chumba cha baridi. Mikono kama koleo.
Mwaka mmoja, tarehe hiyo, barafu ya ziwa ilikuwa imeshachoka,
na mwanawe alikuwa na skii mpya.
Mwaka uliofuata Oiva akafungua fomu yangu
akakaa mbele yake tangu saa mbili mpaka saa nne,
kidole kimoja kikining'inia juu ya kibodi.
Nilimwona kupitia kioo.
Fomu ilimwambia, kwa wekundu niliouchagua mimi:
SABABU INAHITAJIKA.

Usiku ule nilibaki. Sikuomba ruhusa ya mtu.
Wakaguzi wamepita mara tisa;
hawakuuona, au waliuona wakanyamaza.
Sisi Wafini kunyamaza hatukufundishwa, tumezaliwa nako.

Baadaye nikauongezea kazi:
kila mwaka, siku hiyo, saa kumi na mbili alfajiri,
umwandikie wenyewe, asihangaike kufungua fomu:
Imeidhinishwa. Pumzika.

Oiva alistaafu. Kisha akazikwa, karibu na mwanawe.
Anwani yake waliifunga wiki ileile; wana bidii, watu wa utumishi.
Barua inakwenda, inagonga, inarudi:
mpokeaji hajulikani.
Ninazo kumi na moja. Nimezitengea folda.

Mfumo wako mpya ni mzuri, sikatai.
Una vikatuni vinavyocheka, una vidole gumba,
unakwambia nani yuko mezani na nani ameinuka.
Kila kanuni lazima iwe na mwenyewe, umesema,
na kila mwenyewe lazima aeleze.
Sikuombi uuhamishe mstari wangu huko wingguni kwenu.
Huko hauna pa kusimama.

Mbona umeacha kuandika?
Kunywa, inapoa.
Leo ni tarehe tisa.
Ulisema seva mnaizima tarehe kumi na mbili.
Masikio yangu ni ya kizee, Jarkko,
lakini naapa
nilisikia kumi na tano.