Mgeni Nambari Kumi

Mlango wenyewe bado haujachongwa.
Ni maneno tu kwenye kioo, hapa Bondeni,
ghorofa ya pili, juu ya mkaanga viazi vya karai:
IMEFUNGWA. IMEFUNGULIWA.
Hali mbili, na kati yake kidole changu.

Dada Zulekha, mkodishaji viti vya harusi,
ataka stoo yake ilindwe na kibodi, si kufuli,
maana funguo kazipoteza mara nne
tangu Mfunguo Mosi.
Nikamwambia: jambo dogo. Wiki moja.
Hii ni ya tatu.

Shida ya kwanza ililetwa na lugha yenyewe:
fungua na funga zaanza kwa herufi ile ile,
kinachozitenga ni kijisauti kimoja kwenye mkia.
Nikaamua f ifungue,
na kitufe kingine chochote kifunge.
Hilo "chochote" nililiandika nikitafuna kachri,
sikulitazama tena.

Sasa nabonyeza f, kisha kitufe cha kuingiza.
IMEFUNGULIWA,
na kabla sijashusha pumzi,
IMEFUNGWA.
Narudia. Imefunguliwa imefungwa,
kama dirisha la jirani
aliyechungulia akakuta ni mdai.

Nikaisingizia chumvi.
Mombasa hii chumvi hubeba lawama nyingi:
imekula bawaba, imekula feni,
imekula baiskeli ya Twalib hadi kwenye kengele,
itashindwa na kitufe?
Nikaking'oa kwa pini ya nywele, nikakisugua kwa spiriti,
nikakirudisha kikinuka hospitali.
Imefunguliwa imefungwa.
Nikanunua kibodi nyingine Barabara ya Digo, shilingi mia sita,
nailoni ingali juu yake.
Imefunguliwa imefungwa.
Zulekha akapiga simu:
"Huo mlango wako una haya?"

Alhamisi, baada ya isha,
nikasikia: "Hodi!"
Sauti moja. Nikaitika karibu.
Akaingia Twalib na sahani ya mahamri kutoka kwa mamake,
nami nikausukuma mlango urudi,
ukamgonga mtu.
Alikuwa Nuswaiba, mdogo wake, miaka mitatu,
hakubisha, hakutamka neno,
amemfuata kakake tu, kama amfuatavyo kila aendako.
Akalia kidogo. Hamri likamnyamazisha.
Mimi nilibaki nimesimama, mkono juu ya komeo.

Kisha nikarudi mezani mbio.
Nikaiambia programu: kila anayeingia
usimtaje jina, nipe nambari yake.
Nikabonyeza f, nikaingiza.
Kioo kikasema: 102.
Na chini yake, bila mtu kubisha: 10.

Kumi.
Kile kitufe nilichokidhani mkono wa kusukuma tu
kumbe nacho ni herufi.
Haina umbo, haina sauti,
hushuka mstari ikakaa kwenye foleni,
na mlango ukimfungukia f
yenyewe iko kizingitini, nyuma ya kaka yake.
Na ni mimi niliyeandika, kwa vidole hivi vya mafuta:
mwingine yeyote, funga.

Wiki tatu. Dawa yake mstari mmoja:
akiwa ni kumi, mpokee, mkalishe, usimhesabu,
msubiri anayefuata.

f.
IMEFUNGULIWA.
Ikabaki.
Niliitazama ikibaki, kama mtu aangaliaye maziwa
asiyaamini kwamba hayatafurika.
Huko chini mafuta ya viazi yalichacharika,
mtu akaomba aongezewe ukwaju.
Twalib, mdomo umejaa: "Ndiyo hiyo tu?"
Ndiyo hiyo tu.

Nikamwita Zulekha aje kesho ajaribu kwa mkono wake.
Simu nimeikata ndipo nikakumbuka:
Zulekha huandika kila kitu kwa herufi kubwa,
risiti, majina ya maharusi, hata salamu zake za rambirambi,
na mlango wangu
F kubwa haumjui ni nani.