Trei la Mayai

Kwanza ilikuwa ndoana kwenye kanga ya mtoto.
Niliisikia kabla sijaiona: uzi ukachanika,
mtoto akanyamaza, mimi ndiye niliyepiga yowe
mpaka jirani Mwanashuru akaja na upawa mkononi.
Kisha likawa baibui la mwalimu Sijaona,
kiti cha nyuma cha bajaji, Jumatatu asubuhi,
kati ya Chikongola na hospitali ya Ligula.
Yeye alishuka, baibui likabaki.
Nauli hakulipa, na matusi yake, Mfaume,
ukaja kunifikishia mimi nisiyevua hata dagaa.

Ulisema vitu vya mvuvi havipangiki.
Nikasema hata mganga ana tunguri,
na kila dawa anajua pembe yake.

Ijumaa ulipochukua watu wa harusi kwenda Msijute
nilimwaga kila kitu mkekani:
mishipi iliyosokotana kama utumbo wa mbuzi,
plagi mbovu tatu, chubwi za risasi ya betri
ulizoyeyushia (nimejua leo) sufuria yangu ya ubwabwa,
rili iliyokwama kwa chumvi,
kipande cha ngisi kilichokauka kikawa soli,
na noti ya elfu kumi uliyoniapia imeibwa.

Rili nikaiosha kwa maji baridi, nikaianika kivulini,
nikaipa mafuta ya cherehani, tone moja,
moja tu, si kama unavyokoga wewe.
Mishipi nikaizungushia chupa,
mwembamba wa tasi peke yake, mnene wa kolekole peke yake.
Ndoana zikaingia trei la mayai,
ndogo mbele, namba sita safu ya pili, kubwa nyuma,
kila shimo na kipande cha kandambili cha kuzichomeka
na punje za mchele chini, zinywe unyevu
kabla kutu haijanywa chuma.

Ndipo nikafungua kopo la maziwa ya unga.
Ndani, ndoana kumi na tisa
zimevikwa manyoya, zimefungwa uzi wangu mwekundu,
mkia wa kijani unaogeuka zambarau penye mwanga.
Nikaujua mkia ule.
Miezi miwili jogoo wetu anatembea matako wazi,
miezi miwili tunamlaani kicheche!
Mama yako akatega mtego, akanasa paka wa Mwanashuru,
na tangu hapo hatuazimani chumvi.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa.
Nilikaa nikazitazama: ulivyoulaza unyoya
ukawa ubavu wa dagaa anayekimbia,
ulivyotia jicho kwa rangi yangu ya kucha,
tone dogo, katikati kabisa.
Mkono huu huu unaotupa soksi juu ya kabati.
Nikazipa safu yao, zisilaliane.

Bajaji nayo nikaipa sheria.
Fimbo inalala juu, chini ya turubai,
imefungwa kwa mpira wa tairi mara mbili, ncha imevaa kizibo.
Trei linakaa chini ya kiti cha dereva, ndani ya dumu lililokatwa ubavu.
Nyuma pa abiria, hakuna kitu. Hata chubwi moja.
Chambo kina ndoo, ndoo ina kifuniko,
kifuniko kina jiwe.

Jumanne umeme ukakatika.
Uliita kutoka uani, unapapasa, unagonga masufuria:
Somoe, namba sita ziko wapi?
Sikuwasha tochi.
Nilinyoosha mkono, safu ya pili, shimo la tatu,
nikahisi ncha, nikahisi manyoya ya yule maskini jogoo.
Kule Shangani maji yalikuwa yanaanza kujaa.

Nikakwambia ziko mahali pake.
Nikakwambia mtoto ameshakula, mbembeleze alale.
Kisha nikatoa ufunguo wa bajaji msumarini,
ambako siku hizi ndiko unakokaa.