Nguzo Tatu

Mimi hufika siku ya nne,
magari yaliyopondeka yamekwisha kuvutwa,
damu imefunikwa na theluji mpya
na barabara inajifanya haijui kitu.
Nina mkanda wa kupimia, chaki ya njano,
fomu ya kurasa kumi na sita
na chupa ya kahawa ambayo haijawahi kufika saa tano ikiwa moto.

Novemba ile, nje kidogo ya Hammerdal,
nilipima kutoka mstari wa katikati:
tairi la kushoto liliuvuka kwa upana wa kiganja.
Kiganja tu.
Alvar Norling, miaka kumi na tisa,
anatoka zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate.
Mkate wa shayiri ulikutwa kiti cha nyuma, mzima,
haujapasuka hata ganda.
Upande wa pili lilikuwa linakuja lori la magogo.

Mama yake, Ingegerd, alinijia kando ya mtaro
amevaa koti la mwanawe, mikono imezama ndani ya mikono ya koti.
"Alisinzia? Au ni simu? Niambie kosa la nani."
Nikamfunulia kurasa moja moja:
upana wa njia, mteremko, kina cha mtaro,
umbali hadi msonobari wa kwanza.
Kosa la nani, hakuna safu hiyo.
Fomu huihoji barabara:
mtu alipokosea, wewe ulikuwa wapi?

Alinitazama kama mtu niliyemwibia.
Labda nilimwibia.
Lawama nayo ni blanketi, usiku ukiwa mrefu.

Bunge lilikwisha kuchagua neno lake zamani: sifuri.
Si wachache. Si "wamepungua."
Nilipoanza kazi nilidhani ni mzaha wa watu wenye tai.
Ajali haina kinga, husema wazee,
na huwa wameinua mabega, wametoka kuzika.
Lakini wazee hao hao ndio waliosema
kuteleza si kuanguka,
na sikumbuki aliyewauliza:
basi kati ya mtelezo na anguko
nani ataweka kitu, na kwa fedha gani?

Waya ulikuja baada ya miezi kumi na moja.
Nyuzi nne za chuma, nguzo nyembamba kama fito,
katikati ya barabara, kilomita kumi na nane.
Evert Näslund alipiga ngumi meza ya mkutano:
trekta lake sasa lizunguke kilomita nne
kufikia shamba analoliona dirishani!
Alikuwa na haki. Hilo pia niliandika.
Mwingine akasema fedha ile ingefungua tena zahanati,
nami nikakoroga kahawa yangu, isiyo na sukari.

Kisha Februari, asubuhi ya barafu isiyoonekana,
wakaniita nije nione.
Nguzo tatu zimelala.
Waya umekwaruzika mita tisa, rangi ya kijani imeung'ang'ania,
na alama za tairi zinarudi upande wake,
zinayumba,
zinanyooka,
zinakwenda zake.
Hakuna gari. Hakuna aliyetoa taarifa.
Mtu fulani alikosea kwa upana wa kiganja
akafika kwake, akavua viatu,
akauangalia mlango wa gari uliochubuka
na kuitukana serikali.

Nilisimama na chaki yangu.
Nimefunzwa kuchora pale mwili ulipolala.
Nilizipekua kurasa zote kumi na sita
nikitafuta pa kumwandika asiyekufa,
hata jina silijui,
hata kama ni mwanamume au mwanamke.
Hapakuwapo.

Fundi Jokum aliziondoa zile tatu, akasimika mpya,
dakika ishirini, nyundo ya mpira.
Nyuma yetu magari sita yalikuwa yanangoja,
na la tatu, lenye haraka zake, likapiga honi.