Kiambishi Awali

Meli ilikuja, jina lake MV MVITA.
Kwenye ripoti yetu ikatokea: ITA.
Bi Nargisi akanijia na karatasi,
miwani imemshuka hadi ncha ya pua:
"Hini ITA ni meli gani? Yatuita wapi?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka,
maana msimbo ule niliuandika mimi,
usiku wa Ramadhani, kati ya tarawehe na daku,
kidole kimoja kikinata shira ya kaimati.
Nilitaka kutoa herufi mbili za mbele na nafasi yake, basi.
Nikatumia kifaa cha zamani, kile cha kupangusa kushoto,
nisijue kwamba hakisomi neno.
Kinakula.
Ukikipa M, na V, na nafasi,
kitakula M, kitakula V, kitakula nafasi,
kitaona M nyingine, kitapiga bismillahi upya,
mpaka kigote kwenye I,
ambayo hukukiandikia.

Miaka miwili meli zilipita salama
kwa kuwa hapana iliyoanza kwa M wala V.
Bahati ile tuliita ustadi.

Na mimi nilipaswa kujua,
mimi niliyefunzwa na Mwalimu Kazungu, darasa la sita, Tudor,
kukata a-na-pika kwa chaki ya buluu.
Toa m- kwenye mmea, hubaki mea.
Kifaa kile kingekuachia ea,
kama mtu aliyeanza kusema akazibwa mdomo.
Kiambishi si gunia la herufi.
Kiambishi ni kizingiti:
wakivuka mara moja, uko nje.

"Kwani wewe watumia toleo gani?" akauliza Lali
bila kugeuka dirishani, Shimanzi yote ikinuka mafuta na ngano.
Nikamtajia.
Akaweka kikombe chini polepole,
kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

Nikapandisha toleo.
Lugha yenye jina la chatu ikajivua gamba,
na mle ndani, katika maktaba inayokuja nayo yenyewe,
nikakuta vitu nilivyokuwa nikiazima kwa majirani
kama nyumba isiyo na mbuzi ya kukunia nazi.
(Jirani mmoja alikuwa keshahama. Ufunguo kaenda nao.)

Kulikuwa na cha kuondoa kiambishi, kizima,
na kama hakipo, neno haliguswi.
Kulikuwa na cha kugawa mafungu:
makontena hamsini na matatu, kumi kumi,
na yale matatu ya mwisho yakapata fungu lao,
yale ambayo kitanzi changu kiliyasahau kila mwezi
na dereva Mwachiro akalaumiwa.
Mwachiro, niwie radhi.
Nilikunywa chai yangu nawe ukitukanwa langoni.

Kulikuwa na majira ya dunia nzima.
Nikatafuta kwetu:
Afrika, mkwaju, Nairobi.
Afrika, mkwaju, Mogadishu.
Mombasa hamna.
Sisi tumehesabiwa ndani ya Nairobi,
kama mtoto aliyeandikwa kwenye pasi ya mjomba.
Na hata ukiikubali Nairobi, itakwambia saa nane na nusu,
na Bi Nargisi atauliza: ya mchana?
Kwake siku huanza jua likizama,
na asubuhi huanza na moja, si na saba.

Hiyo hapana aliyetuwekea.
Nikaandika mwenyewe, mistari minne:
ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, shika kinachosalia,
na kikisalia sifuri, sema kumi na mbili.
Lali akapita nyuma yangu, akasoma,
akasema mstari wa tatu wafaa kufupishwa.
Sikuufupisha.

Kesho yake printa ikatoa, herufi moja moja ikikoroma:
MVITA. Gati kumi na nne. Saa mbili unusu asubuhi.
Bi Nargisi akaiinua kwenye mwanga,
akaisoma kwa midomo, mara mbili,
jina la mji wake likiwa zima.
Akanirudishia.
"Wino umekwisha," akasema.